Chai ya Uzioni

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo naanza kukuandikia, na naahidi kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba angependa niyaruke. Ulisema mwenyewe kwamba kwenye simu kila mtu wa nyumba hii hujibu "sisi wazima, hofu kwako tu," kisha simu inakatika nawe unabaki hujui lolote. Kwa hiyo sitaanza na "sisi wazima."

Babu si mzima. Wala si mgonjwa. Daktari wa zahanati alimpima akasema moyo unapiga sawasawa, mapafu safi, presha kama ya kijana. Lakini tangu tumzike Bibi, asubuhi hatoki kitandani mpaka jua limfikie miguuni. Akitoka anakaa barazani na kutazama mlango wa jikoni. Chakula anakigusa kwa adabu tu, kama mgeni aliyekwisha kula kwake.

Ile chai ya uzioni, aliyokuwa akiichemsha Bibi kila asubuhi kwa majani ya vile vichaka vya uzio wa nyuma, sasa naichemsha mimi. Shangazi, naifanya kwa uangalifu sana. Nachuma jani mojamoja, natupa yenye madoa, naosha mara tatu, nachambua kama mchele wa wageni. Babu anakunywa funda moja, anaweka kikombe chini taratibu ili nisiumie, anasema, "Ahsante, mama. Si yenyewe, lakini ahsante."

Sasa jambo lenyewe. Mama yangu yuko mjini tangu mwaka jana kwa ajili ya kazi, na Baba anataka sote tumfuate. Amepata fleti ya ghorofa ya nne, na kibaraza chake hakienei hata kiti cha Babu. Amechukua ubao akaandika kwa rangi nyekundu NYUMBA INAPANGISHWA, akausimamisha nyuma ya tangi la maji ukisubiri shule zifungwe mwishoni mwa Aprili. Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema, "Nikimwona baba yangu anasimama kwa miguu yake, anakula, anafanya kazi zake kama zamani, ubao nauondoa na utabaki naye hapa mpaka umalize shule. Lakini siwezi kumwacha mzee anayekauka kitini."

Baba si mkatili. Aliyasema hayo huku akikagua kandambili ya Babu iliyokatika.

Shangazi, wewe kazi yako ni kutenganisha vitu vilivyomo ndani ya majani. Naambatanisha bahasha ya majani ya uzio niliyoyakausha kivulini. Je, unaweza kutazama nini kimepungua?

Mtoto wa kaka yako,
Chembe

&nbsp;

19 Februari

Mwanangu Chembe,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya maabara, koti mkononi, watu wakinipita. Jina hilo nilikupa mimi siku ulipozaliwa, kwa kuwa ulikuwa mdogo kama chembe ya kitu kinachopimwa. Naona sasa unaandika kama karani mkuu.

Majani yamefika, ila bahasha ilifunguliwa njiani na wakaguzi na nusu imemwagika. Safari nyingine bandika juu ya kifurushi karatasi ya kibali ninayokutumia humu. Chuma mengi zaidi.

Uliuliza kama naweza. Naweza kujaribu. Nikueleze tunavyofanya, maana najua utauliza. Tunaloweka majani kwenye spiriti, tunachuja, tunapata maji ya kijani yaliyochanganyika na kila kitu. Hayo tunayapitisha ndani ya bomba jembamba lililojaa unga mweupe laini. Pampu inasukuma kiyeyushi, yaani maji yaliyochanganywa na spiriti, na kila kilichomo kwenye jani kinaanza safari yake humo ndani.

Unakumbuka Babu na Bibi walivyokuwa wakienda dukani? Walitoka pamoja mlangoni. Babu alitazama mbele, "salamu jamani, salamu jamani," akafika. Bibi alisimama kwa kila mtu: mtoto hajambo, mguu unaendeleaje, lile shuka ulilipata? Babu alikuwa amekwisha kununua na kukaa juu ya kreti ndipo Bibi anatokea. Ndivyo ilivyo ndani ya bomba. Vingine havijali unga, vinapita upesi. Vingine vinashikana nao kila hatua, vinafika mwisho. Mimi nakaa upande wa pili nikiwapokea kila mmoja kwenye kichupa chake, na mashine inachora kilele kwenye karatasi kila anapopita mtu.

Lakini siwezi kujua kilichopungua kama sina cha kulinganishia. Kwa hiyo nimetoa kopo.

Hujui habari za kopo. Siku nilipoondoka, Mama alinijazia kopo la biskuti majani ya uzio yaliyokaushwa, akalifunga kwa kitambaa na uzi. Sikuyanywa hata siku moja. Huwa nalifungua kifuniko nikirudi kazini, nanusa, nafunga. Basi. Ndani ya kopo, jiko letu liko palepale: ndoo ya bati karibu na mlango, redio inayokwaruza, Mama anapiga sufuria kwa mwiko kutuamsha. Mimi na baba yako tulikuwa tukigombania kuchuma majani ili tukwepe kuosha vyombo. Mama alikataa. "Mwacheni baba yenu achume. Nyinyi mnachuma kama mnamtoa mtu chawa." Tulikasirika sana, maana baba yetu alichuma ovyo kuliko sisi sote.

Nitapima majani ya kopo na majani yako, moja baada ya jingine, kwenye bomba lilelile. Mwambie Babu namsalimu. Usimwambie habari za kopo kwanza.

Shangazi yako

&nbsp;

6 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi nimekipeleka posta leo, kibali nimekibandika kwa gundi na tena kwa uzi. Yule mama wa posta akauliza, "Umetuma mtoto humu?" Nikamwambia ni majani tu. Akasema majani hayajawahi kufungwa hivyo.

Nilimweleza mwalimu wetu wa kemia habari za bomba na akina Babu kwenda dukani. Alicheka, kisha kesho yake akaja na chaki nyeupe na chupa ya spiriti. Tulitwanga majani ya uzio, tukaweka tone la kijani karibu na mguu wa chaki, tukaisimamisha kwenye kifuniko chenye spiriti kidogo. Mimi nilitaka kuinyanyua kila mara nione. Mwalimu akasema, "Iache. Kemia haipendi watu wa kiherehere." Tukaiacha. Tulipoirudia, lile tone moja lilikuwa limepanda likaachana: njano juu kabisa, kijani chini yake, na kijani kingine kilichofifia kikiwa nyuma, kimechelewa. Darasa zima likainama kutazama. Nilijisikia kama nimekuona kazini.

Niliipeleka ile chaki nyumbani nimwonyeshe Babu. Aliigeuza mkononi. Akauliza, "Na aliyechelewa huyu ndiye nani?" Nikasema ndiye Bibi. Akaishika chaki muda mrefu, halafu akaiweka mfuko wa shati. Bado imo. Shati lina doa la kijani na hataki lifuliwe.

Niliahidi kila kitu, kwa hiyo na hili: jana alikuja mtu kupima madirisha ya sebuleni kwa utepe. Babu akauliza kutoka barazani, "Huyu anayepima dirisha langu ni nani?" Baba akamjibu kwamba ni fundi. Ni kweli ni fundi. Ila ni fundi wa mtu mmoja anayetaka kuipanga nyumba.

Kitanda chako chumbani kwangu nimekitoa vumbi. Sina sababu, nilikuwa nafagia tu.

Chembe

&nbsp;

25 Machi

Mwanangu Chembe,

Marahaba. Majibu ninayo, na nimeyaandika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliandika kama ripoti.

Nimepitisha majani ya kopo. Nikasafisha bomba. Nikapitisha majani yako. Nikaweka karatasi mbili moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Vilele vinafuatana kama ndugu waliopanga mstari: kirefu kwa kirefu, kifupi kwa kifupi. Hakuna kilichopungua, mwanangu. Majani yako ni yaleyale, na umeyatunza vizuri kuliko wanafunzi wangu wanavyotunza yao.

Kwa hiyo naona tatizo haliko kwenye chai. Mtu akifiwa, ulimi nao unafiwa. Chumvi inapoteza chumvi. Mimi mwenyewe tangu mwaka jana sijui ladha ya ninachokula, nakula kwa kuangalia saa. Mwambie Babu polepole, kwa maneno yako. Muda utamrudishia.

Kuhusu kitanda: mwaka huu likizo yangu haijulikani. Kazi ni nyingi. Mtandikie mgeni mwingine akija.

Shangazi yako

&nbsp;

3 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nilimweleza Babu polepole kama ulivyosema. Nilimwambia wewe umetazama kwa mashine na chai ni ileile, labda ni ulimi tu kwa ajili ya huzuni.

Alitikisa kichwa mara nyingi. Akasema, "Sawa. Kumbe ni mimi niliyeharibika." Akausogeza mkono wangu wenye kikombe, si kwa nguvu. "Basi usijisumbue tena asubuhi, mama. Lala uende shule umelala vizuri."

Tangu siku hiyo hata lile funda moja halipo. Zamani alikuwa anaionja kila siku, na sasa naelewa kwamba alikuwa anaonja kwa kuwa anatumaini. Juzi Baba alimletea sanduku la nguo. Babu akauliza kama fleti ina mahali pa kuweka ndoo ya bati. Ni yeye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Shangazi, sisemi umekosea. Wewe una mashine na mimi nina chaki. Lakini asubuhi hiyo nilikunywa kile kikombe alichokiacha, chote, nikiwa nimefumba macho, kwa sababu nami nilikuwa nikiinywa ya Bibi tangu sijaota meno. Mwanzo ni uleule. Uchungu kidogo ni uleule. Lakini ya Bibi, ukishameza, ukishaweka kikombe chini na kuanza kufikiria mambo mengine, kulikuwa na kitu kinakuja nyuma ya koo. Baridi na tamu kidogo. Kilichelewa kuja. Ndiyo maana Bibi alikuwa akisema tusile mkate upesi. Hicho kwenye chai yangu hakiji. Nilisubiri mpaka kengele ya shule ikanipita.

Sidhani ni huzuni. Au kama ni huzuni, ninayo na mimi mahali palepale.

Shule zinafungwa mwisho wa mwezi huu.

Chembe

&nbsp;

9 Aprili (naituma kwa posta ya haraka)

Chembe,

Kilichelewa kuja. Nilisoma maneno hayo nikaacha kikombe mezani nikarudi maabara nikiwa na viatu vya nyumbani.

Sikiliza. Nilipopima mara ya kwanza, nilizima pampu baada ya kilele kikubwa cha mwisho. Wanafunzi wangu nawakataza kufanya hivyo. Nilikuwa na haraka, na nadhani sikutaka kukaa na harufu ile chumbani. Leo nimepitisha tena na nimeiacha pampu iende. Kikapita kilele kikubwa. Mstari ukalala chini, bapa, muda mrefu, mtu yeyote angesema wageni wamekwisha. Mlinzi akaja kuuliza kama nafunga. Nikasema bado namsubiri mmoja.

Akafika. Kilele kidogo, kipana, cha taratibu, mtu aliyesalimia njia nzima. Kimo kwenye majani ya kopo. Nimesubiri kwenye majani yako hata mara mbili ya muda huo. Hakimo.

Nisamehe kwa nililokuandikia, na zaidi kwa ulilolazimika kumwambia Babu. Ulimi wake ni mzima kuliko mashine yangu.

Sasa nisaidie, maana mimi siko hapo. Uzio ni uleule, majani ni yaleyale. Kwa hiyo tofauti iko kwenye mikono. Usimuulize Babu majani yalichumwa wapi. Muulize yalichumwaje. Mwombe akuonyeshe, asikueleze. Na chochote utakachokiona, usimpe mtu anywe kabla sijakipima.

Sitakuficha: ili kufika hapa nimetumia karibu majani yote. Kwenye kopo imebaki konzi moja.

Shangazi yako

&nbsp;

15 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mikono yangu ina utomvu, samahani kwa karatasi.

Barua yako nilimsomea Babu yote, na habari za kopo pia, kwa sababu nilifika hapo nikashindwa kuruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hebu rudia pale kuhusu ulimi." Nikarudia. Akasema, "Mashine ya shilingi ngapi hiyo?" Nikasema sijui. Akasema, "Haidhuru. Imeshindwa."

Kisha nikamwomba anionyeshe anavyochuma.

"Mtu na akili zake, mwanafunzi wa kemia, anauliza majani yanachumwaje?"

"Nionyeshe tu, Babu."

"Unanyoosha mkono, unachuma. Utaona na wewe."

"Shangazi amesema uonyeshe, usieleze."

"Shangazi yako tangu ana meno mawili anatoa amri." Lakini alikuwa ameshashika mikono ya kiti. Alisimama. Alivaa kandambili aliyoitengeneza Baba, akapita jikoni bila kutazama pembeni, akachukua ile ndoo ya bati, akatoka mlango wa nyuma. Shangazi, tangu mazishi hajawahi kupita mlango ule.

Pale uzioni hakuchagua chochote. Alikamata tawi karibu na shina, akaburuta ngumi yake mpaka ncha, likabaki uchi. Tawi la pili, la tatu. Kila kitu kikaingia ndooni: majani, vijiti, mdudu mmoja mwekundu, na kile kitambaacho, yaani mmea mwembamba wa kutambaa, kinachojizungusha ndani ya vichaka, chenye majani madogo kama kucha za mtoto mchanga. Mimi kile kitambaacho nimekuwa nikikitoa kwa uangalifu mkubwa tangu siku ya kwanza. Nilikiona ni uchafu. Hata Mama, nilipomweleza kwenye simu, alinisifu.

Nikasema, "Babu, kuna mmea mwingine humo."

"Mmea gani?"

"Huu hapa. Umeuchuma pamoja na majani."

Akausogeza karibu na macho, akausogeza mbali. Miwani yake huwa anaivaa kusomea tu. "Huu? Huu sijawahi kuuona."

Nikamwambia amekuwa akiuchuma maisha yake yote.

Akakaa juu ya jiwe la kufulia, ndoo kati ya magoti. Nilidhani amechoka. Akaanza kucheka, bila sauti kwanza, mabega tu. Akasema kila asubuhi Bibi alikuwa akiipokea ndoo ile, anatazama ndani na kumwambia, "Leo umeniletea majani pamoja na wakwe zake." Anatoa vijiti, anatoa wadudu, kinachobaki anatia sufuriani. "Nami nilidhani ananicheka tu," Babu akasema. "Sikuuliza wakwe ndio kina nani."

Je, Bibi alijua, Shangazi? Alitoa wadudu na vijiti, lakini mmea ule hakuutoa. Na nyinyi aliwakataza kuchuma.

Nimekufungia kitambaacho peke yake kwenye kifurushi hiki, na majani matupu kwenye karatasi nyingine, nisije nikakuchanganya. Nilimwambia Babu hakuna kunywa mpaka upime. Alisema sawa.

Nimeahidi kukueleza kila kitu, kwa hiyo lazima nikuambie kwamba niliporudi kutoka dukani kununua gundi chai ilikuwa imeshachemka. Alichemsha mwenyewe. Nikamkumbusha ulivyosema. Akanijibu, "Nimeinywa tangu baba yako hajazaliwa. Kama ni sumu, basi ni sumu mvivu." Sikuweza kumnyang'anya babu yangu kikombe. Alikunywa, akameza, akakiweka chini. Akatazama mlango wa jikoni na mimi nikamwona anasubiri, na nikaona ilipofika, maana alifumba macho.

Baadaye akasema, "Moto ulizidi. Yeye alikuwa anaweka mdogo."

Akauliza kama kuna mkate.

Anasema nikuandikie na haya kama alivyoyasema: "Mwambie hiyo konzi iliyobaki aache kuichoma kwenye mashine. Aichemshe anywe. Moto mdogo."

Chembe

&nbsp;

26 Aprili

Mwanangu Chembe,

Marahaba. Kifurushi chako kimefika na nimekipima jana na leo, na leo tena kwa furaha tu. Kilele cha mwisho ni cha kitambaacho. Kimesimama palepale pa kilele cha kopo, hata ukiziweka karatasi juu ya dirisha huwezi kuona kwamba ni mbili. Majani matupu hayana kitu. Mwenye ladha ya Bibi alikuwa mkwe.

Sasa maneno ya kazi, na umsomee Babu kwa sauti. Sioni chochote cha kunitia hofu kwenye karatasi hizi, na miaka yote aliyoinywa ni ushahidi kuliko mashine iliyokwisha kushindwa. Lakini mmea usio na jina siwezi kuuamini kabisa. Asizidishe kikombe kimoja kwa siku, na wewe usinywe kabla hatujaujua. Majani na mabua havitoshi kunipa jina. Wataalamu wa mimea hapa wananiambia wanahitaji ua. Mimi katika utoto wangu wote uzioni pale sikumbuki kuona ua lolote. Labda sikutazama.

Uliuliza kama Mama alijua. Nadhani alijua kwamba ndoo ya Baba hutoa chai nzuri, na hakutaka kujua zaidi. Angetaka, angetuchambulia, na tungejua, na sisi tungechuma vizuri kuliko Baba. Naye asingekuwa na kazi ya kutoka nje kila asubuhi kwa ajili ya mkewe. Lakini hilo mashine haiwezi kulionyesha, na mimi nalifikiri tu.

Na kwa kuwa wewe umetimiza ahadi yako ya kueleza kila kitu, nami nikueleze yangu kidogo. Huwa nasema sikuwahi mazishi kwa ajili ya ndege. Ndege zilikuwepo hata wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Ninapokuwa huku, Mama yuko jikoni pale, redio inakwaruza, na mimi tu ndiye niliye mbali. Nikija na nisimkute, ndipo atakuwa amekufa. Nimeishi hivyo tangu mwaka jana na nimekuwa nikisema ni kazi.

Jana nilichemsha ile konzi. Moto mdogo. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za jengo nikainywa, nikaweka kikombe chini, nikasubiri. Wewe unajua kilichotokea.

Kopo sasa ni tupu. Nimeliosha.

Nijulishe habari za ubao.

Shangazi yako

&nbsp;

4 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shule zimefungwa. Nimekuwa wa pili katika kemia, na wa kwanza ni kijana ambaye mwalimu anasema ana mwandiko mzuri tu, kwa hiyo sijakata tamaa.

Barua yako sikumsomea Babu yote. Sehemu ya mashine na vikombe niliisoma kwa sauti. Sehemu nyingine nilimpa akasoma mwenyewe, na miwani. Alikaa nayo mpaka kivuli cha tangi kikafika barazani. Akaikunja, akaiweka mfuko ule wenye chaki. Akasema, "Na mimi nilikuwa nasubiri atoke jikoni. Mwambie shangazi yako tulikuwa wawili." Ni hayo tu.

Sasa habari za ubao. Baba alirudi Jumamosi kutoka mjini na yule anayetaka kupanga. Walipofika, Babu alikuwa uzioni na ndoo, anazozana na kichaka. Anaamka mapema kuliko jogoo siku hizi, na amevaa miwani, maana anasema hawezi kuendelea kumchuma mtu asiyemjua sura. Baba alisimama kwenye mlango wa nyuma. Babu akamwambia bila kugeuka, "Shika ndoo, usisimame kama mgeni." Baba akashika ndoo. Yule mpangaji akasubiri sebuleni, nikampa maji, akasubiri tena, akaondoka mwenyewe.

Walipoingia, Babu alichemsha. Baba alikunywa kikombe, akachukua mkate, na Babu akampiga kofi dogo la mkono. "Subiri kwanza. Hujafunzwa?" Baba akasubiri. Halafu akatoka nje ghafla na nikamsikia ananawa uso kwenye bomba muda mrefu.

Ubao upo, Shangazi, lakini umelala. Babu ameuweka juu ya matofali manne kivulini, anakaushia majani. Ukiusoma kwa juu huoni herufi yoyote, ila nyekundu kidogo pembeni. Baba ameuona akauacha hapo. Amerudi mjini na sanduku tupu. Tunabaki, mimi na Babu, mpaka nimalize.

Nimebakiza jambo moja, na nimeliacha mwisho kwa makusudi, kama kilele chetu.

Jana jioni Babu aliniita uzioni. Alikuwa ameinua tawi kwa kidole. Kwenye kitambaacho, chini kabisa, mahali ambapo mtu lazima ainame, kuna vitumba vyeupe vya maua, vidogo kama punje za mchele. Vingi. Babu anasema maisha yake yote alikuwa akivichuma kabla havijafunguka, ndiyo maana hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuona ua la mmea huu. Wewe hukutazama vibaya. Safari hii amelizungushia uzi tawi hilo, na amejikataza kuligusa. Mwalimu, niliyemfuata kwake leo asubuhi, anakadiria yatachanua kabla mwezi haujaisha, na anadhani maua madogo hivi hayatadumu.

Najua namna ya kuyabana kati ya magazeti, na kibali kimoja bado ninacho. Yatakufikia bapa na ya kahawia, na pengine yatatosha kupata jina. Kitanda chako nimekitandika upande wa dirisha, na safari hii sikuwa nafagia.

Kwa hiyo nijibu kwa posta ya haraka, tafadhali, maana siwezi kuyasubirisha: yakifunguka niyachume nikutumie, au tuyaache yalipo mpaka ufike?

Chembe